Chumba cha chai cha Kichina cha kisasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo, Eastleigh au Lubumbashi aliyewahi kwenda Foshan, China, kutafuta vigae na samani anaijua meza hii. Kabla bei haijatajwa unakaribishwa kiti, mwenye duka anawasha birika, na vikombe visivyozidi vile vya kahawa ya barazani vinaanza kujazwa, kunywewa na kujazwa tena. Wengi hurudi nyumbani wakitaka kona ya namna hiyo sebuleni, ofisini au kwenye hoteli ndogo wanayoijenga. Hapa yamekusanywa maswali yanayojirudia zaidi. Watu wengi huanza kuuliza mapambo; majibu mengi yatawarudisha kwenye maji: yanaingilia wapi, yanachemkia wapi na yanamwagwa wapi.

Tukisema "cha kisasa", tunakitofautisha na kipi?

Na nyumba za chai za zamani, ambazo bado zipo na zina wateja. Kule Chengdu, mkoani Sichuan, nyumba ya chai ya Heming iliyo ndani ya Bustani ya Watu inafanya kazi tangu miaka ya 1920. Ina viti vya mianzi, meza fupi, kelele, watu wa mahjong (mchezo wa vigae vidogo), na mafundi wa kusafisha masikio wanaopita katikati ya wateja wakiliza vyuma vyao. Shanghai kuna Huxinting, jengo lililo juu ya bwawa, lenye daraja la kona tisa, linalouza chai tangu mwaka 1855. Huko ndiko watu walikokwenda kusikia habari, kupatanishwa na kupoteza mchana.

Chumba cha kisasa ni cha faragha: watu wawili hadi wanane, mlango unafungwa, mtu mmoja anamimina na wengine wanapokea. Kimeazima mengi kutoka Taiwan, ambako Wistaria House ilifunguliwa Taipei mwaka 1981 ndani ya nyumba ya enzi za utawala wa Wajapani, ikawa kijiwe cha waandishi, wasanii na wapinzani wa serikali. China bara nako, baada ya mageuzi ya uchumi, nyumba za chai zilizokuwa zimefungwa zilirudi, na kizazi kipya cha wasanifu kikazivua mapambo mengi. Mtindo huo wenyewe wanauita xin zhongshi, Uchina mpya. Siku hizi mijini kuna hata vyumba visivyo na mhudumu: unalipia saa zako kwa simu, mlango unafunguka, unakuta birika na vyombo, unajihudumia na kuondoka.

Mbona vingi vinaonekana vitupu?

Utupu huo umepangwa. Wachoraji wa Kichina wa wino huacha sehemu kubwa ya karatasi bila kuigusa, na macho ya mtazamaji yanaifanya kuwa ukungu, maji au anga. Wasanifu wa leo wanaitumia mbinu hiyo ukutani. Enzi ya nasaba ya Song (karne ya 10 hadi ya 13), watu wa elimu walihesabu starehe nne zinazokwenda pamoja: kufukiza, kuandaa chai, kutundika michoro na kupanga maua. Chumba kizuri cha leo bado kina hizo nne, ila kimoja kimoja: mchoro mmoja au mwandiko mmoja, tawi moja kwenye chombo, chetezo kimoja, meza moja. Kuta nyingine zinaachwa.

Niseme wazi kwamba utupu una gharama. Ukuta uliojaa picha unaficha plasta mbovu. Ukuta mtupu unaopigwa na taa ya pembeni unaonyesha kila wimbi la mwiko wa fundi. Ukiamua kuacha ukuta mtupu, pesa uliyookoa kwenye mapambo mpe fundi wa lipu.

Si sawa na chumba cha chai cha Wajapani?

Hapana, na kuvichanganya ndiyo kosa la kwanza la wauzaji wa picha za mtandaoni. Chumba cha Kijapani kinapangwa kwa mikeka ya tatami, kipimo cha kawaida ni mikeka minne na nusu, mlango wa wageni ni mdogo kiasi cha kuwalazimu kuinama na kutambaa, na kila hatua ya mkono ina utaratibu wake. Wachina walishaachana na kukaa chini zamani. Kufikia enzi ya Song, viti virefu na meza vilikuwa vimezoeleka, na chai yao ya leo hunywewa kwenye kiti huku mazungumzo yakiendelea, simu zikipokelewa na karanga zikitafunwa. Zipo sehemu China zenye jukwaa la mkeka na meza fupi, na zinapendeza, lakini mzee mwenye magoti mabovu hatakushukuru.

Nianzie wapi kupanga?

Anza na maji, na anza kabla fundi hajapiga lipu.

Chai ya gongfu, utaratibu uliokomaa Chaozhou na Fujian, hutumia majani mengi kwenye buli dogo au kikombe chenye mfuniko kiitwacho gaiwan, na maji ya moto yanamiminwa mara saba, nane, kumi juu ya majani yale yale. Maji ya kwanza mara nyingi humwagwa. Vikombe husuuzwa kwa maji ya moto. Chai ikitoka kwenye buli hupitia kwanza kwenye jagi dogo ili kila mgeni apate ukali ule ule. Kwa hiyo kikao kimoja kinakula lita kadhaa za maji, na sehemu yake kubwa haiingii tumboni mwa mtu. Ni lazima iende mahali.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni trei yenye vitundu, ya mbao, mianzi au jiwe jeusi, ambayo chini yake kuna mpira mwembamba unaoteremka hadi kwenye ndoo. Unamwaga popote, hata juu ya buli lenyewe, na maji yanajitafutia njia. Hii ndiyo wanayoipenda wenye maduka wa Guangdong. Ya pili inaitwa njia kavu, na Taiwan ndiko ilikoendelezwa: hakuna trei kubwa, kuna kitambaa kirefu mezani, kisahani kipana chini ya buli, na bakuli moja pembeni la kupokea maji yasiyotakiwa. Meza inabaki kavu na nzuri, ila mmiminaji awe na mkono uliotulia.

Chumba cha kisasa kinaegemea njia kavu, nami naipendelea kwa sababu moja tu isiyo ya urembo: ule mpira. Ukiuchunguza baada ya miezi michache utakuta umelegea na kupinda katikati, na pale ulipopinda pana tope la majani lililogeuka jeusi, lina harufu ya ukungu na vijimbu vidogo vinazunguka ndoo. Mtu wa kuisafisha ndoo kila jioni akikosekana, trei ya vitundu iepuke. Ukiwa bado unajenga, weka kabisa bomba la maji machafu sakafuni chini ya meza, lenye mteremko na kizuia harufu, na tatizo lote linakwisha.

Maji safi nayo yana njia mbili: dumu la maji chini ya meza lenye pampu ndogo inayojaza birika kwa kubonyeza kitufe, au bomba lenye chujio linalofika mezani. Maeneo ambayo maji yana chumvi au chokaa nyingi, kama sehemu nyingi za pwani yetu, usijidanganye na bomba bila chujio zuri. Birika litashika ukoko na chai itapooza.

Na umeme?

Birika la kawaida la mezani linavuta wati 1,000 hadi 1,500. Soketi iwe chini ya meza au sakafuni yenye mfuniko, upande wa mkono ambao hautumii kumiminia, ili waya usipite mbele ya vikombe. Tafadhali usipitishe nyaya za kuunganisha juu ya zulia karibu na ndoo ya maji. Vifaa vya Kichina vinatumia volti 220, kwa hiyo hapa vinafanya kazi vizuri. Kinachosumbua ni plagi tu.

Meza iwe na vipimo gani?

Kwa meza ndefu ya mtu mmoja kumimina na wageni wanne hadi sita, urefu wa mita 1.8 hadi 2.2 na upana wa sentimita 70 hadi 80 unatosha. Upana ukizidi hapo, mwenyeji hafikii kikombe cha mgeni bila kunyanyuka. Kimo kiwe kati ya sentimita 68 na 75, kiti kati ya 42 na 45. Mimi huvutia kwenye 70, kwa kuwa mkono unaoinua birika lililojaa mara ishirini kwa saa unachoka upesi meza ikiwa juu. Jaribu: kaa, shika birika lenye maji, mimina. Bega likipanda, meza iko juu mno.

Nyuma ya viti vya wageni acha walau sentimita 90 za kupita. Nyuma ya mwenyeji, kama kuna rafu au kabati, acha nafasi ya kugeuka bila kusimama.

Mabamba mazito ya shina zima la mti, yale yenye kingo za gome, yalikuwa fahari kubwa ya maofisi ya Kichina. Bado yanauzwa. Chumba kidogo kinamezwa nayo, hayahamishiki, na yakipindika hakuna fundi wa kuyanyoosha. Meza ya mbao zilizounganishwa kwa ulimi na tundu, bila msumari, kama samani za enzi ya Ming (karne ya 14 hadi ya 17), ni nyepesi kwa macho na inadumu zaidi.

Kwa nini samani za Ming zinatajwa kila mahali?

Kwa sababu zilizaliwa wakati mmoja na chai tunayoijua leo. Mwaka 1391 mfalme Hongwu aliagiza chai inayopelekwa ikulu isiwe tena ya mikate iliyoshindiliwa, bali majani yaliyo huru. Kabla ya hapo chai ilisagwa ikawa unga na kupigwa kwa ufagio mdogo bakulini. Majani yakaanza kulowekwa, buli likapanda cheo, na mji wa Yixing mkoani Jiangsu ukajijengea jina kwa mabuli ya udongo wa zambarau usiopakwa rangi ya kung'aa. Samani za kipindi hicho zilikuwa za miguu myembamba, mistari safi na nakshi kidogo. Kiti chenye mgongo wa duara kinachozunguka hadi kuwa mikono ya kuegemea kinatengenezwa hadi leo karibu bila kubadilishwa. Samani za baadaye za enzi ya Qing zilizidishwa nakshi, na wasanifu wa sasa wengi wanaziruka.

Mwenyeji akae wapi, na wageni wapi?

Mwenyeji akae mgongo ukiwa ukutani, auone mlango, wageni wamkabili. Mwanga wa dirisha uingie kutoka ubavuni. Ukimtokea mwenyeji nyuma, wageni wanaona kivuli cheusi kinachozungumza. Acha pia nafasi mezani ili mdomo wa buli usimwelekee mgeni likiwekwa chini, maana kwa Wachina ni utovu wa adabu, na kikombe hujazwa sehemu saba tu kati ya kumi. Kikombe kinachofurika ni sawa na kumwambia mtu aende zake. Hayo ni mambo ya adabu lakini yanagusa mpangilio: meza finyu inalazimisha buli kumtazama mtu.

Taa gani zinafaa?

Mwanga wa njano, kelvini 2,700 hadi 3,000, na balbu yenye CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi ya vitu) ya 90 au zaidi; namba hiyo huandikwa kwenye boksi. Si anasa. Chai inahukumiwa kwa rangi: Tieguanyin changa ni ya kijani kibichi kinachoelekea njano, Dahongpao ni ya kaharabu, Pu'er iliyoivishwa inakaribia weusi. Chini ya taa nyeupe za bei rahisi zote tatu zinafanana na maji ya kusuuzia sufuria. Ndiyo maana pia vikombe vingi vina weupe ndani hata kama nje ni vyeusi.

Taa moja ya kuning'inia juu ya meza, sentimita 75 hadi 90 kutoka usawa wa meza, isogezwe kidogo upande wa wageni ili mkono wa mmiminaji usitupe kivuli juu ya buli. Halafu weka taa ndogo ya pembeni iliyo chini, nyuma kidogo ya birika. Ikiwaka, mvuke unaotoka mdomoni mwa birika unaonekana wote, unavyopanda, unavyojikunja na kupotea. Dari nzima kuijaza taa za kuzama ni kuharibu pesa. Swichi ya kupunguza mwanga ni muhimu kuliko taa ya sita.

Mbao zipi? Fundi wangu ananiambia nitumie mpingo.

Fundi wako hajakosea kabisa, na hili ni jambo ambalo wengi hawalijui: mpingo wetu upo kwenye orodha rasmi ya mbao za thamani za China. Kiwango cha taifa GB/T 18107, kilichotolewa mwaka 2000 na kurekebishwa mwaka 2017, kinataja ni mbao zipi zinazoruhusiwa kuitwa hongmu, na kati ya spishi 29 zilizobaki kwenye orodha imo Dalbergia melanoxylon, mpingo, ambao Wachina wanauita kwa jina linalotaja Afrika Mashariki. Imo pia Millettia laurentii ya misitu ya Kongo, inayouzwa duniani kwa jina la wenge. Mukula wa Katanga na Zambia haumo, ila soko la China limeununua kwa wingi kwa sababu wekundu wake unafanana na mbao ghali zaidi.

Kuanzia Januari 2017 jenasi ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, maana yake kuvusha mpakani kwa kawaida kunahitaji vibali. Ukinunua ndani ya nchi, dai karatasi za kusafirisha mazao ya misitu. Kilwa kuna vijiji vinavyovuna mpingo kwenye misitu yao wenyewe kwa utaratibu uliothibitishwa, na hapo ndipo pa kununulia.

Lakini meza nzima ya mpingo? Sishauri. Mti wenyewe ni mwembamba na umejipinda, mbao pana hazipatikani, uzito wake ni wa kuvunja mgongo, na chumba kinakuwa kizito. Utumie kwa vitu vidogo vinavyoshikwa: kijiko cha kuchotea majani, koleo la vikombe, kishikio cha droo. Meza fanya kwa msaji au mninga, ambazo hazibabaishwi sana na maji, umalizie kwa mafuta badala ya vanishi nzito. Vanishi ikiwekewa birika la moto inaacha duara jeupe. Mafuta yakichakaa unapaka tena. China kwenyewe wasanifu wengi wamehama kwenye hongmu na kwenda kwenye mbao za kawaida, hasa mbao kuukuu za elmu kutoka nyumba zilizobomolewa, ambazo nyufa na matundu ya misumari yake yanaachwa yaonekane.

Kuta na sakafu?

Ukuta wa chokaa au udongo uliopakwa kwa mkono, rangi ya mchanga au kijivu, unapokea mwanga vizuri na unapunguza mwangwi. Sementi laini isiyo na maungio imekuwa fasheni; inapendeza, lakini sakafu, ukuta na dari vyote vikiwa vya sementi na upande wa nne ukiwa kioo, chumba kinapiga kelele na kila mfuniko wa gaiwan unasikika kama sarafu iliyoanguka. Weka mkeka, pazia zito au rafu ya vitabu upande mmoja.

Sakafu iwe ya kitu kisichoogopa chai kumwagika. Zulia jeupe chini ya meza ya chai ni ujasiri nisiokuwa nao.

Vyombo vikae wapi? Nimeona rafu zenye vyumba vyumba vya ukubwa tofauti.

Hiyo ni duobaoge, rafu ya kuonyeshea vitu adimu, iliyopendwa sana enzi ya Qing. Kila chumba kina kimo chake ili kila chombo kipate nafasi inayokifaa. Toleo la kisasa limepunguzwa: chuma chembamba cheusi, mbao chache, na nusu ya vyumba vinaachwa wazi.

Msomaji wa pwani, kabla hujaagiza, kumbuka zidaka. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na kuta nzima za zidaka za lipu ya chokaa, na ndani yake walipanga bakuli na sahani za kaure kutoka China. Makaburi ya Kunduchi yalipambwa kwa kaure hiyo hiyo. Kwa hiyo ukichonga zidaka tano au sita ukutani nyuma ya kiti cha mwenyeji ukaweka mabuli na vikombe humo, unakuwa na rafu ya chombo cha Kichina iliyo na historia ndefu hapa kuliko ile ya chuma. Pia haishiki kutu. Kina cha sentimita 18 hadi 20 kinatosha, na usiweke taa ndani ya kila kimoja. Duka la vito hatulihitaji.

Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Nifanyeje?

Wajenzi wa bustani wa Suzhou walikuwa na kanuni ya kuazima mandhari: kilicho nje ya kiwanja chako, mnara au mlima, unakifungia kwenye fremu ya dirisha kikawa chako. Kanuni ina upande wa pili, kuziba kisichopendeza. Ukuta wa jirani upake chokaa nyeupe akiridhia, au simamisha wako mwembamba sentimita 60 mbele yake, kisha panda mianzi michache au mmea mmoja wenye majani membamba. Jua likipita, vivuli vya majani vinajichora kwenye chokaa. Suzhou wanafanya hivyo kwenye nyua ndogo za upana wa mkono mmoja.

Mlango wa duara, ule wa mwezi, unatoka kwenye bustani hizo hizo. Ndani ya fleti yenye dari ya mita 2.6 naona unaonekana kama pambo la jukwaani. Tundu la duara kwenye kizigeu linatosha.

Niko Mombasa, joto na unyevu tele. Vitu hivi vitadumu?

Angalia Guangzhou, usiangalie Beijing. Kule kusini kuna kipindi kila mwaka mwanzoni mwa machipuko ambapo hewa ya bahari inaingia na kuta na sakafu zinatoa maji, na bado watu wana vyumba vya chai. Mchoro wa karatasi usiugandamize kwenye ukuta wa nje. Acha upenyo nyuma yake. Mianzi inunuliwe iliyotibiwa kwa boraksi, la sivyo utaona unga mweupe chini ya kiti na kusikia wadudu wakibungua usiku. Chuma kipakwe rangi ya kuoka.

Chai yenyewe ndiyo dhaifu zaidi. Chai ya kijani ifungwe isipitishe hewa na iwekwe kwenye friji. Keki (majani yaliyoshindiliwa) za Pu'er na chai nyeupe zinahitaji kupumua kidogo lakini zinashika ukungu unyevu ukizidi asilimia 70 hivi, kwa hiyo pwani usiziache wazi rafuni kama pambo. Ziweke kwenye mtungi wenye mfuniko, mbali na jikoni na mbali na viungo. Keki ya Pu'er iliyokaa jirani na karafuu itakuwa karafuu.

Naweza kuchoma udi?

Unaweza, na Wachina nao wanauchoma ule ule, wanauita chenxiang. Ila uchome nusu saa kabla ya wageni kuingia, fungua dirisha, kisha toa chetezo. Harufu ikibaki nzito, hutasikia kitu kwenye chai ya bei yoyote. Kwa sababu hiyo hiyo ua la mezani liwe lisilonukia. Asumini na mkilua vibaki barazani.

Taa nyekundu za karatasi, madragoni na mwandiko wa dhahabu je?

Hayo ni ya mgahawa.

Lazima nifuate fengshui, ile imani ya Kichina ya kupanga nyumba na vitu vyake?

Wachina wenyewe hawakubaliani. Mengi yanayosemwa kuhusu chumba cha chai ni busara ya kawaida: usikalie mgongo mlangoni, upepo usipite moja kwa moja juu ya birika, boriti nzito isiwe juu ya kichwa cha mgeni. Chukua hayo, mengine mwachie anayeyaamini. Vivyo hivyo vile visanamu vya udongo wanavyovimwagia chai kwenye trei: ni mchezo wa mezani, na asiyependa sanamu nyumbani hapungukiwi kitu.

Kuna majengo ya kuangalia ili nipate picha?

Fuzhou kuna nyumba ya chai ya ofisi ya Neri&Hu ya Shanghai. Nyumba ya mbao ya ofisa wa enzi ya Qing ilihamishwa kutoka Anhui ikasimamishwa yote ndani ya jengo jipya lenye paa la shaba na kuta za zege lenye sura ya udongo ulioshindiliwa. Unakunywa chai huku nguzo za kale zimekuzunguka, ila hakuna anayejifanya kwamba jengo la nje ni la kale. Shanghai, Philip F. Yuan wa Archi-Union alijenga nyumba ya chai na maktaba kwa kutumia vifaa vilivyookolewa kwenye paa la ghala lililoporomoka, na akalikunja jengo lipishe mti uliokuwepo. Mji huo huo, Linehouse waliinua vyumba vya chai kama maboksi ya chuma ndani ya kiwanda cha zamani, jambo ambalo kwa maneno linasikika baridi na kwa macho si baridi hata kidogo.

Katika zote tatu tafuta bakuli la maji machafu liko wapi. Picha nyingi za magazeti huliondoa.

Nimepanga chumba, siruhusiwi kugusa kuta, na pesa ni kidogo.

Basi njia kavu ndiyo yako. Meza moja, hata ya ubao wa msaji juu ya miguu miwili. Taa moja ya mezani yenye mwanga wa njano. Birika, gaiwan nyeupe, jagi dogo la kioo, vikombe vinne, bakuli la kumwagia, na kitambaa cha kitani au kaniki isiyo na maua. Kizigeu cha mbao cha kukunja kitakufichia kitanda. Usinunue seti ya vipande ishirini kwenye boksi la hariri. Nusu yake hutaigusa, na trei iliyomo mara nyingi inavuja.

Humo naweza kuwapikia wageni chai ya maziwa na tangawizi?

Chumba ni chako. Chai ya Kericho au Mufindi iliyosagwa punjepunje inatoa rangi na ukali wote mara moja, haina haja ya kumiminwa mara nane, kwa hiyo ipikie jikoni uilete kwenye chupa. Usiipitishe tu kwenye buli la Yixing: udongo wake haujapakwa kioo, unanyonya, na mafuta ya maziwa yakishaingia hayatoki. Gaiwan ya kaure inaoshwa na sabuni na kusahau.